Bakteria wa Bahari na Haja Yao ya Chumvi: Mambo Yanayoihusu Pwani ya Ziwa Nyasa

Mkoa wa Ruvuma hutoa maji yake pande mbili. Mto Ruvuma wenyewe, ambao chanzo chake kipo katika vilima vya Matogoro karibu na Songea, hushika mpaka wa Tanzania na Msumbiji na kuelekea mashariki hata uingie Bahari ya Hindi. Mto Ruhuhu, pamoja na mito mingine midogo, hushuka magharibi na kumwagika katika Ziwa Nyasa. Hivyo mvua inyeshayo katika mkoa mmoja humaliza safari yake katika maji ya namna mbili zisizofanana hata kidogo: maji ya chumvi na maji baridi. (Hili neno “baridi” halielezi joto wala ubaridi, kwani maji ya juu ya Ziwa Nyasa ni vuguvugu karibu mwaka mzima, maana yake ni maji yasiyo na chumvi, na wasomaji wa bara huenda wakapenda zaidi kuyaita maji matamu.)

Makusudi ya makala haya ni kueleza tofauti hiyo ina maana gani kwa viumbe wadogo kabisa, yaani bakteria, ambao hawaonekani ila kwa hadubini. Wako wanaoishi baharini tu, wala hawawezi kuishi pasipo chumvi. Wako wa maji baridi, ambao chumvi ya bahari huwaua. Tena yuko mmoja aliye kati kwa kati, naye ndiye aletaye kipindupindu. Asili yake ni milango ya mito, mahali maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika; lakini ugonjwa wake umejulikana sana pia kandokando ya maziwa makuu ya Afrika, ambayo maji yake ni baridi. Watu wengi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, sehemu ambazo zamani zilikuwa za Wilaya ya Mbinga na tangu mwaka 2012 zimo katika Wilaya ya Nyasa, hutumia maji ya ziwa kwa kuoga, kufua na kupikia, na wengine kwa kunywa. Basi yafaa waulize: je, ziwa hili ni makao ya kiumbe huyo, au ni njia yake tu? Hatuwezi kulijibu swali hilo mpaka tumeelewa haja ya chumvi.

Kwanza tupime. Katika kilo moja ya maji ya bahari mna chumvi za namna mbalimbali zipatazo gramu 35, kiasi cha vijiko sita vya chai. Sehemu iliyo kubwa ni kloridi, gramu 19 na zaidi, na sodiamu, gramu 10.8, hizi mbili zikiungana ndizo chumvi tuitiayo katika mchuzi. Baada yake huja salfeti, gramu 2.7, na magnesiamu, gramu 1.3, kisha kalsiamu na potasiamu, kila moja ikiwa kama gramu 0.4. Katika lita moja ya maji ya Ziwa Nyasa chumvi zote kwa jumla ni kama gramu 0.2 tu, na sodiamu iliyomo ni karibu miligramu 20. Kwa hiyo sodiamu ya bahari ni mara 500 ya ile ya ziwani.

Mtu aweza kushangaa kwa nini ziwa lenye kina cha mita 700 hivi, ambalo hupoteza maji yake mengi kwa kukaushwa na jua kuliko kwa kutoka, halikugeuka kuwa la chumvi. Sababu ni kwamba lina mlango. Mto Shire huyatoa maji upande wa kusini na kuyapeleka Zambezi, na chumvi hutoka pamoja nayo kidogo kidogo. Kati ya mwaka 1915 na 1935 hivi mlango huo uliziba kwa mchanga na majani, lakini miaka ishirini ni muda mfupi mno katika maisha ya ziwa. Maziwa ya Natron na Magadi hayana mlango wowote, nayo yamekuwa kama tujuavyo.

Sasa tuje kwa bakteria. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Bernhard Fischer alichunguza bakteria waliopatikana katika safari ya kuchunguza bahari ya Atlantiki, akaandika habari zao mwaka 1894. Tangu wakati ule ilionekana kwamba bakteria wa baharini huota vizuri katika chakula kilichotengenezwa kwa maji ya bahari, na vibaya katika chakula kilichotengenezwa kwa maji ya kawaida. Lakini kuona hivyo si kueleza. Baadhi ya wataalamu walidhani kwamba ni mazoea tu: bakteria amezoea chumvi, na akifundishwa taratibu ataacha kuihitaji, kama mtu aachavyo tumbaku. Wengine walidhani kwamba kazi ya chumvi ni kuzuia maji yasiingie kwa nguvu ndani ya seli na kuipasua, na kama ni hivyo, basi kitu chochote kiyeyukacho, hata sukari, kingefaa badala yake.

Aliyelishughulikia swali hili kwa uvumilivu mkubwa ni Robert MacLeod wa Kanada, katika miaka ya 1950 na 1960. Njia yake ilikuwa nyepesi kueleza, ijapokuwa ni ya kuchosha kuifanya. Hakutumia maji ya bahari kama yalivyo, bali aliyatengeneza upya maabarani, chumvi moja moja, akiondoa hii na kuweka ile, ili aone ni ipi hasa ambayo bakteria hawezi kuikosa. Jawabu lilikuwa wazi. Sodiamu haiwezi kubadilishwa kwa kitu kingine. Ukiiondoa ukatia potasiamu kwa kipimo kilekile, bakteria hakui, ingawa nguvu ya chumvi katika maji ni ileile. Na ukitia sukari, mambo ni vivyo hivyo. Haja hii basi ni haja ya sodiamu yenyewe, wala si haja ya uchumvi kwa jumla.

Watu wa bara wataelewa tofauti hii upesi, kwa kuwa wazee wao walikuwa na chumvi za namna mbili. Iko chumvi iliyotoka katika chemchemi, kama ile ya Uvinza iliyochukuliwa na misafara hata nchi za mbali. Hiyo ni sodiamu na kloridi, sawa na ya bahari. Na iko chumvi ya majivu, iliyopatikana kwa kuchoma majani na matete, kuyachuja majivu kwa maji, kisha kuyachemsha maji yale mpaka yakauke. Chumvi hii ya pili ina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, maana ndivyo ilivyo mimea ya nchi kavu. Mwanadamu aliweza kuunga mboga yake kwa chumvi ya majivu. Bakteria wa bahari hawezi.

Kwa nini iwe sodiamu? Jibu lilikuja kwa vipande. Mwaka 1963 MacLeod na mwenzake Drapeau walionyesha kwamba bakteria wa bahari hawezi kuingiza chakula ndani ya seli yake pasipo sodiamu. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, wataalamu wa Japani waliogundua namna bakteria hao wanavyopumua walikamilisha maelezo. Utando wa seli una pampu ambayo, kila bakteria anapotumia hewa kuchoma chakula chake, huisukuma sodiamu kutoka ndani na kuitoa nje. Kwa hiyo nje huwa na sodiamu nyingi na ndani huwa na kidogo, nayo ya nje hutafuta njia ya kurudi, kama maji yaliyozuiwa juu ya ukuta wa bwawa. Milango ya kurudia ipo, lakini si ya bure. Kupitia mlango mmoja, chembe ya sodiamu haiingii ila imefuatana na chembe ya chakula. Kupitia mlango mwingine, sodiamu inayoingia huzungusha kijimkia ambacho bakteria hutumia kuogelea, na mzunguko huo ni wa kasi ajabu: katika jamii moja ya bakteria wa bahari umepimwa zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Bakteria wa maji baridi, na wengi wa wale wa tumboni mwetu, wana mitambo inayofanana na hii, ila wao husukuma hidrojeni mahali pa sodiamu, na hidrojeni hupatikana katika maji yoyote.

Hapa ndipo tunapoona kwamba bakteria wa bahari aliyetiwa katika maji ya Ziwa Nyasa ni kama mtu mwenye kinu cha maji katika nchi isiyo na mto. Kinu ni kizima, ila hakuna cha kukizungusha.

Zipo chumvi nyingine zinazohitajiwa, nazo nitazitaja kwa ufupi. Magnesiamu hushikanisha ukuta wa seli. Bakteria wa bahari akitiwa ghafula katika maji yasiyo na chumvi ukuta wake hulegea naye hupasuka, lakini magnesiamu kidogo tu huzuia jambo hilo kuliko sodiamu nyingi. Potasiamu huhitajiwa ndani ya seli na kila kiumbe hai. Kalsiamu, salfa na fosfeti zina kazi zake. Chuma nacho ni lazima, na cha kustaajabisha ni kwamba katika bahari kuu, yenye chumvi tele, chuma ni haba mno, hata bakteria hulazimika kutengeneza vinaso vya kukikamata na kukileta ndani.

Chumvi ikizidi mno, mambo hugeuka tena. Katika Ziwa Magadi la Kenya huishi viumbe ambao hawawezi kuishi hata katika maji ya bahari, kwa kuwa kwao hayo ni maji mepesi mno. Mmoja wao alipewa jina la ziwa lenyewe na wataalamu mwaka 1984, naye leo huitwa Natrialba magadii. Viumbe wa jamii hii ndio wanaochangia kuyapaka wekundu maji ya chumvi kali, na jamaa zao hutokea kama madoa mekundu juu ya samaki wa chumvi aliyewekwa vibaya. (Wataalamu wa leo hawawahesabu kuwa bakteria hasa, bali kundi lao peke yao, kwa mpishi mwenye samaki aliyeharibika tofauti hiyo si kitu.) Basi asidhani mtu kwamba chumvi huua kila kijidudu. Chumvi humfukuza mmoja na kumkaribisha mwingine.

Tuje kwa samaki wa Nyasa. Kila mtu aliyefika Mbamba Bay au Liuli amewaona usipa walioanikwa wakimetameta kama fedha. Mwezi Oktoba 1950, katika mji wa Osaka huko Japani, watu 272 waliugua baada ya kula samaki wadogo wa jinsi hiyo waliokaushwa nusu, ambao Wajapani huwaita shirasu, na watu 20 kati yao wakafa. Tabibu Tsunesaburo Fujino alimpata bakteria aliyesababisha maafa hayo, naye ndiye aitwaye leo Vibrio parahaemolyticus. Huyu ni bakteria wa bahari halisi: pasipo chumvi haoti kabisa, na maji baridi humuua. Kwa sababu hiyo wapishi wa samaki wa bahari hufundishwa kuwaosha kwa maji ya bomba. Hivyo usipa, kwa kuwa maisha yake yote ni katika maji baridi, hatoki ziwani na hatari hiyo moja. Sisemi kwamba hana hatari nyingine. Samaki aliyeanikwa juu ya mchanga mchafu huchukua uchafu wa mchanga.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ni ndugu wa huyo wa Osaka, lakini haja yake ya chumvi ni ndogo zaidi. Naye pia ana pampu ya sodiamu, na kijimkia chake huzungushwa kwa sodiamu. Huishi vizuri hasa katika maji ya chumvichumvi ya milango ya mito, penye mikoko, akijishikiza juu ya magamba ya vijidudu wa jamii ya kamba ambao ni wadogo kuliko punje ya ulezi. Lakini maabarani huweza kukua kwa sodiamu kidogo, yaani kuanzia kama miligramu 115 hadi 345 katika lita. Msomaji na alinganishe kipimo hicho na miligramu 20 za Ziwa Nyasa. Ziwa halifikii hata sehemu ya tano ya kiasi kilicho kidogo kabisa.

Kama habari ingeishia hapo, watu wa pwani ya Nyasa wangekuwa salama. Haikuishia hapo. Mwaka 1982 Rita Colwell na wenzake, Wamarekani, waliandika kwamba maji yenye chumvi kidogo humwia magumu bakteria huyu pale penye chakula kidogo, lakini chakula kikiwa kingi ule upungufu wa chumvi hufidiwa, naye hukua. Katika maji safi ya katikati ya ziwa, chakula ni haba na chumvi ni haba. Hapo hana raha. Karibu na ufuo, mahali panapooshwa vyombo na samaki, na pale mvua inapoteremsha kinyesi kutoka vijijini, chakula ni tele. Tena kinyesi na mkojo vyenyewe vina chumvi. Hivyo watu huweza, pasipo kujua, kumtengenezea bakteria wa bahari kidimbwi chake kando ya ziwa la maji baridi. Zaidi ya hayo, hali ikiwa mbaya bakteria huyu hujikunyata na kulala bila kufa, asiote hata katika chakula cha maabara, na hivyo mtu akipima maji huweza kusema hayumo kumbe yumo.

Wataalamu hawajapatana kuhusu maziwa ya Afrika. Wako wanaosema kwamba miji ya kandokando ya Tanganyika na Kivu, kama Kalemie, Uvira na Goma, hurudiwa na kipindupindu mara kwa mara kwa sababu bakteria amefanya maskani ziwani. Kwa upande wa pili, mwaka 2017 François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur ya Paris na wenzake walilinganisha urithi wa bakteria zaidi ya 1,000 waliokusanywa barani Afrika kwa miaka mingi, wakaona kwamba wimbi la sasa la ugonjwa, lililofika Afrika mwaka 1970, limeingizwa upya kutoka Asia angalau mara 11, nalo lilienea kwa safari za wanadamu. Kwa maoni yangu hesabu ya chumvi yaelekea upande huu wa pili, walau kwa Ziwa Nyasa. Maji yenye sodiamu kidogo namna hii huweza kumhifadhi bakteria kwa muda na kumpeleka kutoka bandari moja hadi nyingine, lakini ni vigumu kuamini kwamba yamlea vizazi hata vizazi pasipo msaada wa watu.

Hata historia ya pwani yetu yaelekea huko. Daktari James Christie, aliyekaa Unguja wakati kipindupindu kilipoua watu wengi mno mwaka 1869 na 1870, aliufuatia ugonjwa ule hatua kwa hatua, akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi ulivyofuata njia za misafara kutoka bara hata kufika pwani, kisha ukavuka bahari kwenda Unguja. Hakujua bakteria, wala hakuhitaji kumjua ili aone kwamba ugonjwa unatembea kwa miguu ya watu. Katika siku zetu, Malawi, nchi inayoshirikiana nasi ziwa hili, ilipatwa mwaka 2022 na 2023 na kipindupindu kibaya kuliko vyote vilivyoandikwa katika historia yake: wagonjwa walizidi 58,000, na waliokufa walizidi 1,700. Mitumbwi na mashua havikuacha kuvuka.

Sasa tufikie mahali ambapo bakteria huyu hupata chumvi yote aitakayo. Mahali hapo ni utumbo wa mwanadamu. Mwaka 1959 Sambhu Nath De wa Calcutta alionyesha kwamba bakteria hutoa sumu, na baadaye ilijulikana kwamba sumu hiyo huzilazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi. Sodiamu huifuata kloridi, na maji huzifuata zote mbili. Maji yale meupe kama ya mchele yamtokayo mtu mzima aliyeugua yana sodiamu karibu gramu 3 katika lita, yaani zaidi ya mara 100 ya maji ya Ziwa Nyasa. Bakteria aliyeingia mwilini kutoka katika maji yasiyo na chumvi hujifanyia bahari ndogo, na chumvi ya bahari hiyo ni ya damu ya mgonjwa. Mtu aliyeshikwa sana huweza kupoteza lita moja kwa saa, naye hufa kwa kukaukiwa maji na chumvi.

Dawa ilitokana na elimu ileile ya sodiamu na milango yake. Mwaka 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba seli za utumbo wetu huingiza sukari pamoja na sodiamu kupitia mlango mmoja, karibu sawa na jinsi bakteria wa MacLeod aingizavyo chakula chake. Sumu ya kipindupindu haiufungi mlango huo. Kwa hiyo mgonjwa akinywa maji ya chumvi tupu hayamsaidii sana, lakini chumvi ikitiwa pamoja na sukari, sukari huivuta chumvi, na chumvi huyavuta maji. Jambo hili lilijaribiwa Dhaka na Calcutta mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 liliokoa watu wengi katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh.

Pakiti za dawa hiyo hupatikana zahanati. Zikikosekana, wakati mgonjwa anapelekwa kwa mganga, hutiwa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, naye hunyweshwa kidogo kidogo bila kukoma. Chumvi hiyo iwe ya kawaida, yaani ya sodiamu. Magadi hayafai. Chumvi ya majivu nayo haifai, kwa kuwa potasiamu ikiwa nyingi hudhuru moyo, nayo haiwezi kuufungua mlango ule.